Sikio la Fundi wa Breki

Katika gereji ile ya magari makubwa hakuna aliyekuwa akiitwa jina alilopewa na mamaye. Mchomeleaji aliitwa Cheche. Mwenye kazi ya matairi aliitwa Pancha, na hakuwa na kinyongo. Mke wa fundi wa breki, aliyeshona viti vya mabasi na malori kwa cherehani ya mguu kwenye kona iliyo karibu na mlango, alikuwa Mama Viti. Fundi wa breki mwenyewe, mzee mwembamba wa miaka sitini kasoro mmoja, aliitwa Sikio, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa saa ya dhahabu.

Alilipata ujanani, alipokuwa fundi mdogo katika kampuni ya mabasi. Basi moja lilikuwa likipoteza upepo wa breki, mafundi wakubwa wamelipaka povu la sabuni kuanzia mbele hadi nyuma na hawajaona kitu. Yeye alikuwa akipita kwenda kunywa maji. Akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Linavuja juu ya ekseli ya nyuma, upande wa kulia." Wakacheka. Kisha wakaenda kutazama, na kicheko kikaisha. Tangu siku hiyo alivimba kichwa kidogo, tuseme kweli, na akala kiapo kwamba hatapaka gari sabuni maishani mwake. "Sabuni ni ya kufulia," alikuwa akisema.

Basi gereji nzima ikawa na utaratibu wake. Gari likiletwa na malalamiko ya upepo, Sikio alijaza matangi hadi mshale wa geji ufike mia na ishirini, akazima injini, akatoka, akainua mkono na kupaza sauti: "Kimya!" Hapo Cheche alizima mashine yake, Pancha akaweka nyundo chini, redio ikazimwa, na Mama Viti akaondoa mguu kwenye cherehani. Hata wateja waliacha kutafuna. Sikio alizunguka gari polepole, kichwa upande, halafu akanyoosha kidole: "Hapa." Na palikuwa pale.

Kitu kimoja tu kilimuudhi. Mkewe alikuwa na mazoea ya kukumbuka kwamba amepoteza chaki yake ya kuchorea vitambaa wakati uleule wa kimya. Alikuja akitazama chini, akapitapita kando ya gari, akasimama mahali, akasema kwa sauti ya chini, "Nimedondosha chaki yangu." Sikio alikuwa akimkunjia uso na kumwambia asubiri, watu wako kazini. Akaokota chaki yake au asiiokote, akarudi zake kwenye kona.

Sasa nieleze jambo ambalo Sikio hakumwambia mtu. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka miaka mitatu nyuma. Si ajabu, mtu aliyekaa chini ya injini za dizeli miaka arobaini hawezi kudai masikio ya mtoto. Nyumbani aliongeza sauti ya redio na kudai kwamba redio ndiyo mbovu. Mjukuu aligonga mlango hadi akaumia mkono. Siku moja mama mkwe alimuuliza mgongo unaendeleaje, naye akajibu, "Tumeshakula, mama, asante." Akajitia hamnazo, akasema alikuwa akiwaza kazi.

Lakini kazini, ajabu, uvujaji uliendelea kumfikia. Si kwa mlio wenyewe, hilo alilijua. Alizunguka gari bila kusikia chochote isipokuwa mluzi mwembamba uliokuwa ukilia ndani ya kichwa chake mchana na usiku, na mara, bila kujua kwa nini, moyo ulimwambia: hapa. Akiinama anakuta kweli. Aliamini kwamba Mungu amemchukulia mengi ila amemwachia hilo moja la kazi, na kila asubuhi alipofungua sanduku la spana alimshukuru kwa hilo, kwa dhati. Akaahidi pia kwamba siku hilo nalo likiondoka, ataweka spana chini siku hiyohiyo. Aliwahi kumwona fundi mwenzake akiruhusu lori kwa kubahatisha, na aliwahi kwenda kwenye mazishi yaliyofuata. Breki hazibahatishwi.

Jumanne moja Mama Viti hakuja kazini asubuhi. Alikuwa amempeleka mama yake kliniki ya macho. Na asubuhi hiyohiyo likaingia gari ambalo halijawahi kuonekana pale: basi la dizeli lililogeuzwa nyumba. Lilikuwa na mapazia ya maua madirishani, jiko la gesi, meza ya kukunja, kitanda nyuma, na sufuria zilizoning'inizwa kwa kulabu. Pancha alilitazama akasema, "Hawa wakigombana, hata mmoja akitoka nje akabamiza mlango, nyumba si inaondoka na mwenzake?"

Akashuka mzee mmoja mrefu na ramani mkononi. Sikio akamfuata kumuuliza gari lina shida gani.

"Mimi ni abiria," mzee akasema. "Dereva ni huyo."

Dereva alikuwa mkewe, mkunga mstaafu, mama mnene mwenye mikono ya kufanya kazi na sauti ambayo, nashukuru kwa niaba ya Sikio, ilikuwa kubwa. Akaeleza vizuri kuliko madereva wengi. Mshale wa upepo unapanda kwa uvivu, ukifika tisini unagoma. Akisimama kwenye makutano dakika mbili tatu, unashuka, na buza ya kuonya inaanza kulia.

"Na mnaelekea wapi, mama?"

"Bondeni. Binti yetu anajifungua wiki hii, mimba yake ya kwanza. Nimezalisha watoto wa watu miaka thelathini na nne, fundi. Huyu mmoja nataka nimkute. Kesho asubuhi tunateremka."

Sikio akalitazama basi tena. Barabara ya bondeni ilikuwa moja tu, nayo ilishuka kilomita kumi na nane za kona, ukuta upande mmoja na hewa tupu upande wa pili. Kwenye mteremko kama ule kila kona inataka mguu kwenye breki, na kila mguu kwenye breki unakula upepo. Kama upepo unaoingia hauzidi unaotoka, matangi yanakwisha mkiwa bado katikati ya mlima.

Akaanza kazi kwa mpangilio wake. Akamwaga maji yaliyokusanyika ndani ya matangi. Akasafisha chujio la kompresa, ile mashine inayosukuma upepo. Akafungua paipu inayotoka kwenye kompresa, akaweka kiganja, na upepo ukamsukuma mkono kwa nguvu. Kompresa haikuwa na neno. Akakagua valvu inayoiamuru ipumzike matangi yakijaa, nayo nzima. Kwa hiyo upepo ulikuwa ukitengenezwa wa kutosha, ila kuna mahali ulikuwa ukitoroka. Akaweka vigogo kwenye magurudumu, akajaza upepo hadi pale ulipokubali kufika, akazima injini, akainua mkono.

"Kimya!"

Gereji ikanyamaza. Sikio akazunguka, kichwa upande. Mluzi wa kichwani ukamjia, huo wa siku zote. Akazunguka mara ya pili. Akasubiri moyo umwambie. Moyo haukusema. Akazunguka mara ya tatu, na sasa jasho lilikuwa limemlowanisha mgongo, kwa sababu watu wote walikuwa wamesimama wakimtazama, na mkunga alikuwa amesimama na mikono kiunoni kama anayesubiri mtoto alie.

"Kompresa imechoka," Sikio akasema.

Uongo huo ulimtoka mdomoni wenyewe. Nusu saa tu iliyopita alikuwa ameipima kompresa kwa kiganja chake mwenyewe.

"Una uhakika, fundi?" mkunga akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyewahi kuwauliza madaktari swali hilohilo akiwa na mtoto mikononi.

Sikio akatazama chini. "Nipe hadi alasiri, mama. Nataka kurudia."

Mchana, wenzake walipokwenda kula, Sikio alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka thelathini na saba. Alikwenda kwenye kona ya mkewe, akachukua kipande chake cha sabuni na kikopo cha maji, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akateremka kwenye shimo chini ya gari. Akapaka povu kila kiungo, kila paipu, kila valvu. Nyuma, karibu na tangi la pili, povu likavimba likawa mapovu madogomadogo. Karibu alie kwa furaha. Akakaza nati, akapaka tena, pakatulia. Akaibusu sabuni, na najua hili kwa sababu mwenyewe alikuja kulisimulia.

Akapanda, akawasha injini, akajaza, akazima. Mshale ukasimama sekunde chache, kisha ukaanza kuteremka. Polepole kidogo kuliko asubuhi, lakini unateremka.

Akarudi shimoni. Akapaka mito ya upepo inayobeba mwili wa gari, akapaka mifuko ya breki kwenye magurudumu yote, akapaka hata mahali ambapo hapana upepo. Chini kote kulikuwa kumetulia, hakuna hata povu moja lililotikisika. Lakini geji haikuwa na sababu ya kumdanganya.

Wenzake waliporudi walimkuta ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, akitazama mshale ukishuka. Alikuwa ameshaamua. Kile alichoachiwa kimeondoka, basi naye ataondoka. Atamwambia mkunga ukweli: asiteremke, atafute fundi mwingine hata kama ni siku mbili mbali, na mtoto atamkuta ameshazaliwa. Kisha atafunga sanduku lake. Hakumlaumu Mungu. Alikuwa amepewa miaka mitatu ya ziada, na alijua kwamba hakuwa amestahili hata mwaka mmoja. Ila alitaka kujaribu mara moja ya mwisho, ili asije akajilaumu. Akajaza matangi, akazima injini, akapaza sauti kupitia dirishani.

"Kimya!"

Hapo ndipo Mama Viti alipoingia getini akitoka kliniki. Alisimama pale alipokuwa, kama wote. Kisha akaanza kutembea. Akazunguka gari lile la mapazia, akapita upande wa pili, akapanda ngazi za mlangoni, akaja mbele akitazama sakafu, akasimama kando ya kiti alichoketi mumewe.

"Nimedondosha chaki yangu," akasema.

Sikio akamtazama. Mkewe alikuwa amevaa gauni la kutokea. Mkoba ulikuwa bado begani. Mkononi alikuwa ameshika kadi ya kliniki ya mama yake. Hakuwa amefika kwenye kona yake, hakuwa amegusa cherehani, na hakuwa amewahi kukanyaga ndani ya gari hili tangu lizaliwe.

"Chaki gani?" Sikio akauliza.

Mama Viti akaurekebisha mkoba begani.

"Mke wangu. Chaki gani?"

Mama akatazama kadi ya kliniki kana kwamba jibu limeandikwa mle. Halafu akaketi kwenye ngazi ya ndani, uso wake ukiwa usawa wa macho ya mumewe, akasema taratibu ili aione midomo yake, "Umeikalia, baba watoto. Upepo unavuja hapo ulipokalia."

Sikio hakuinuka. Mambo mengine yalikuwa yakimpita kichwani moja baada ya jingine: lori la maziwa, na mkewe amesimama kando ya gurudumu la mbele, basi la shule, na mkewe ameinama karibu na tangi, tela la mbao, na yeye akimfokea amwache afanye kazi. Kila mahali ambapo moyo ulimwambia hapa, palikuwa na mwanamke amesimama akitafuta chaki.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lile basi la shule. Nilisikia linavuja, nikaona umepapita mara mbili. Nikaogopa. Kulikuwa na watoto."

"Miaka mitatu hiyo!"

"Inafika."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungeweka spana chini siku ileile. Nakujua. Ungekaa nyumbani uzeeke mbele ya redio." Akamfuta jasho usoni kwa upindo wa mtandio, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto. "Masikio ndiyo yamechoka. Mikono haijachoka. Hakuna mtu hapa anayefunga breki kama wewe, na mimi siwezi hata kutofautisha valvu na chupa ya soda. Nasikia tu. Mbona hilo ni jambo dogo?"

Sikio aliona haya, sitaficha. Aliona haya hadi masikio yenyewe yakawaka moto. Lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikipanda kwa kasi zaidi. Miaka mitatu alikuwa amemshukuru Mungu kila asubuhi kwa zawadi yake, na zawadi yenyewe ilikuwa imeketi hatua kumi naye ikishona viti, ikikaripiwa.

Wakang'oa kiti pamoja. Kilikuwa kiti cha upepo, kile kinachompandisha na kumteremsha dereva barabara mbaya, na fundi fulani aliyetengeneza nyumba ile alikuwa ameunganisha paipu yake moja kwa moja kwenye tangi la breki za mbele, bila valvu ya kulinda breki. Mfuko wa upepo chini ya kiti ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo. Fundi wa malori hawezi kuutafuta pale, kwani malori yote anayoyajua huvujia chini, na juu ya mfuko palikuwa na zulia, sponji na kitambaa.

Mkunga alipoonyeshwa alishika mdomo. "Kumbe! Kila nikiendesha nilikuwa nazama taratibu. Nilidhani ni mimi nimenenepa."

"Nilikuambia si wewe," mumewe akasema.

"Hukuniambia. Ulinyamaza. Nilikuona unavyonyamaza."

Sikio akaiziba paipu ile kwenye tangi kwa kizibo cha shaba, akakaza, akapaka sabuni mbele ya watu wote bila kuona aibu. Mama Viti, kwa sababu kiti sasa hakitapanda tena, akakata sponji ngumu mara tatu, akaipima kwa kumkalisha mkunga juu yake, akaishonea kitambaa imara. Kisha wakajaza upepo. Mshale ukapanda bila uvivu, ukafika mia na ishirini, kompresa ikapumzika. Injini ikazimwa. Sikio akakanyaga breki akaushikilia mguu pale dakika tano nzima, na mshale ukakaa pale ulipokuwa.

Angeweza kupokea sifa na kunyamaza, kama kawaida yake. Badala yake akateremka, akaita watu wote.

"Kimya!" akasema, na wakanyamaza. "Mama dereva, unateremka mlima na mumeo, kwa hiyo lazima ujue. Mimi sisikii. Leo nilitaka kukudanganya kuhusu kompresa. Aliyesikia ni mke wangu. Na sio leo tu."

Alitazama chini akisubiri. Aliyesema wa kwanza alikuwa Cheche, tena alisema kwa kelele, akijua anasema na nani.

"Mzee, tunajua!"

"Mnajua nini?"

"Zamani sana. Unafikiri tunanyamaza muda wote huo kwa ajili yako? Tunamngoja Mama Viti apate chaki."

Gereji ikavunjika mbavu. Pancha alikaa juu ya tairi akajifuta machozi. Hata Sikio alicheka, mwishowe, akicheka na kulia kwa pamoja, na hakujitahidi kutenganisha. Kumbe watu wote hawa, wenye midomo isiyoshikika, walikuwa wameshika siri moja kwa miaka mitatu ili yeye aendelee kuitwa Sikio.

Mkunga alimshika mkono kabla ya kuondoka asubuhi iliyofuata. "Mimi miaka ya mwisho kazini nilikuwa nasoma vipimo kwa macho ya nesi mdogo," akasema. "Ilimradi mtoto atoke salama. Nenda kliniki ya masikio, lakini." Akapanda juu ya sponji yake mpya, akapiga honi, nyumba na mapazia yake ikatoka getini.

Siku hiyo Sikio hakufanya kazi ya maana. Alishika spana akaiweka. Alimimina chai ikapoa. Kila baada ya muda alitazama upande wa mlima, ingawa kutoka pale mlima hauonekani. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Saa sita na nusu simu yake ikatetemeka mfukoni. Akaiweka sikioni, akasikia kelele za mbali zisizo na maana, kama mtu anayesema akiwa ndani ya pipa. Zamani angesema "eeh, eeh" na kukata. Safari hii alisema, "Samahani, sisikii, ngoja nikupe mke wangu," akavuka gereji akiwa ameinyoosha ile simu mbele yake kwa mikono miwili.

Mama Viti akaipokea. Sikio akasimama akimtazama uso. Aliona macho yakikaza, akaona mdomo ukisema "Alhamdulillahi" bila sauti, akaona mabega yakishuka. Mama Viti akageuka, akasema polepole, "Wameshafika bondeni. Mshale haukucheza. Mtoto bado, lakini uchungu umeanza, na bibi yake anaosha mikono."

Sikio akamshika mkono mkewe mbele ya gereji nzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi, akamwambia asante. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama wanavyosema watu wasiosikia, hata Cheche kule nyuma alizima mashine yake akageuka kutazama.